Mzee hakubadili jina, karani ndiye aliyelikosea

Kila unapotangazwa uhakiki wa wastaafu, hapa Dar es Salaam hujipanga foleni za wazee wenye bahasha za kaki. Miaka ya karibuni foleni hizo zimeingiwa na tatizo la majina. Mzee aliyelitumikia jeshi akaagwa vizuri na karatasi zake mkononi, leo anaambiwa kwamba jina lililo kwenye kumbukumbu za jeshi halifanani na lililo kwenye kitambulisho cha taifa, kwa hiyo mfumo haumtambui. Anaomba lisahihishwe. Hapo mabishano huanza, vijiweni na hata kwenye meza za wenye vyeo. Wapo wanaosema, "Si jina tu? Aende kwa wakili akaape, yaishe." Wapo wanaosema wazee wanataka kuchezea nyaraka za jeshi. Naona wote wamekosea swali lenyewe. Anayeomba kusahihishiwa jina hajabadili jina lake, na utaratibu tunaomsukumia unamtaka aape kwamba amefanya jambo ambalo hakulifanya. Mpaka tuvitenganishe vitu hivyo viwili, kusahihisha na kubadili, tutaendelea kuwasumbua watu wa kweli huku tukidhani tunawazuia matapeli.

Nina jirani huku Ukonga, askari wa vita vya Kagera. Anaitwa Athumani, jina la babu yake mzaa baba. Kwenye hati yake ya jeshi, iliyopigwa taipu, ameandikwa Asumani, na ile herufi ya pili imegongwa kwa nguvu hadi karatasi imetoboka. Ukiiinua kuelekea dirishani unaona kitundu. Hati ina majina mawili, la kwake na la baba. Kitambulisho cha NIDA kina matatu. Karatasi zote amezitia kwenye mfuko wa nailoni, mfuko kwenye tranka, tranka uvunguni. Ofisi moja ya mjini ilimwambia alete hati ya kubadili jina. Wakili akamwandalia rasimu isemayo kwamba yeye, ambaye zamani alijulikana kwa jina la Asumani, analiacha na kulikana kabisa jina hilo, na kuanzia sasa ajulikane kwa jina la Athumani. Mzee aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, hili jina ninalolikana, nilipewa lini?" Sikuwa na jibu. Hakutia saini.

Tuelewe kwanza jina linavyokosewa, maana wengi wanadhani ni uzembe wa mwenye jina. Kwa kizazi kile, jina liliishi mdomoni kabla ya kuishi kwenye karatasi. Enzi za ukoloni kuandikisha kizazi hakukuwa lazima kwa Mwafrika, na hata baada ya uhuru vyeti vya kuzaliwa vilibaki kuwa vitu vya mjini. Khamis wa Unguja ni Hamisi wa Tabora. Suleiman akivuka milima miwili anakuwa Selemani, na Ramadhani akipita kwenye ulimi ambao r na l zake ni ndugu anatokea upande wa pili akiwa Lamazani, na hakuna aliyemkosea adabu. Juu ya hapo kuna fomu. Fomu tulizorithi zina nafasi ya jina la ukoo, kana kwamba kila mtu analo. Mchaga au Mhaya anaweza kuijaza bila kufikiri. Mtu wa pwani, ambaye hubeba jina la baba kisha la babu, anaijaza kadiri alivyoulizwa siku hiyo, ndiyo maana utakuta ndugu wawili wa tumbo moja wana majina tofauti ya mwisho. Sasa mweke kijana huyo mbele ya meza ya karani wa kambi. Amesimama wima, ametoka kunyolewa, anaulizwa kwa ukali jina lake nani. Karani anaandika alichosikia. Kuruta hana ruhusa ya kuchungulia karatasi, achilia mbali kumsahihisha aliyeishika.

Na hiyo ni siku ya kawaida. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao. Uwezo huo ulikusanywa kwa haraka: wanamgambo, vijana wa JKT, polisi, askari wa magereza, hadi jeshi likavimba kutoka makumi ya maelfu hadi zaidi ya laki moja kwa muda wa miezi. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa imeanguka. Katika mwendo huo, nani alikuwa na nafasi ya kuuliza kama Athumani wako una "th" au "s"? Kumbukumbu zilizoandikwa katika hali hiyo zilikuwa na kazi moja, kujua nani yuko kikosi gani, anakula wapi na analipwa nini, na kazi hiyo zilifanya. Hakuna aliyeziandika akiwazia kwamba miaka zaidi ya 40 baadaye zitalinganishwa, herufi kwa herufi, na orodha ambayo ilikuwa bado haijazaliwa.

Hili la kulinganisha ndilo linalosahaulika kwenye mjadala. Kosa la karani lililala kwa amani miongo minne. Mzee alipokea haki yake, akatibiwa, akasomesha. Mtu wa dirishani alikuwa binadamu. Aliitazama picha, akautazama uso, akasoma "Asumani" na kusikia "Athumani", akagonga muhuri. Kompyuta haina masikio. Tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ule uliowekewa mwisho tarehe 31 Desemba 2019 na kusogezwa hadi 20 Januari 2020, namba ya NIDA yenye tarakimu 20 imekuwa ndiyo mlango wa karibu kila huduma, na mpango wa Jamii Namba, wa kumpa kila mtu namba moja ya utambulisho, unaelekea huko huko. Mimi si adui wa mifumo kusomana. Mifumo isiyosomana ndiyo iliyolisha wafanyakazi hewa. Ila tuwe wakweli kuhusu kilichobadilika. Mzee ni yule yule, na faili ni lile lile. Serikali ndiyo iliyoamua, kwa sababu zake nzuri, kuyaweka mafaili mawili bega kwa bega. Aliyeanzisha kulinganisha ndiye anayepaswa kubeba sehemu kubwa ya gharama ya kupatanisha, na kwa sasa gharama yote, kuanzia nauli ya daladala hadi ada ya wakili, ipo mfukoni mwa mtu wa miaka 68.

Upande wa pili una hoja, na hoja yake bora ni nzito kuliko wanavyoieleza wenyewe. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwakuta watumishi wa umma 9,932 wakiwa na vyeti vya kughushi. Nchi iliyopitia hilo haiwezi kulaumiwa kwa kumkodolea macho kila mwenye jina linaloyumba. Utumishi wa jeshini una heshima, una nishani, una malipo. Mtu mwongo anaweza kulichukua jina la marehemu anayefanana naye herufi tatu akajipa vita asivyopigana. Zaidi ya utapeli kuna suala la kumbukumbu zenyewe. Marekani, ambako tangu mwaka 1946 sheria imeweka bodi za raia za kusahihisha kumbukumbu za kijeshi, mwombaji hujaza fomu, hutakiwa kuomba ndani ya miaka 3 tangu alipogundua kosa, na bodi inaweza kuusamehe muda huo kwa ajili ya haki. Lakini bodi hizo mara nyingi zimewakatalia waliobadili majina baada ya kutoka jeshini, zikisema kumbukumbu lazima ionyeshe mambo yalivyokuwa siku ilipoandikwa.

Zamani niliuona huo kuwa ukatili wa makarani. Siku hizi naona wako sahihi nusu, na nusu hiyo ina maana kubwa kwetu. Chukulia jeshi limekubali, likalifuta Asumani kila mahali kwenye faili la jirani yangu na kuandika Athumani. Kesho atahitaji kuthibitisha alilazwa hospitali ya kambi mwaka 1979. Daftari la hospitali linasema Asumani. Orodha ya kikosi inasema Asumani. Faili lake jipya safi linasema Athumani, na hakuna kinachoviunganisha. Tutakuwa tumemtibu jicho tukamziba sikio. Kwa hiyo wanaohofia kufutwa kwa kumbukumbu wana haki kuhofia. Wanapokosea ni kudhani kwamba kusahihisha maana yake ni kufuta. Kinachohitajika ni nyongeza: karatasi moja juu ya faili, yenye tarehe, saini na cheo cha aliyeidhinisha, inayosema kwamba aliyeandikwa humu kwa jina la Asumani, mwenye namba fulani ya jeshi, ndiye Athumani mwenye namba fulani ya NIDA, na kwamba kosa lilikuwa la mwandishi. Maandishi ya zamani yabaki kama yalivyo, pamoja na kitundu chake.

Watetezi wa njia ya wakili watasema tayari kuna kiapo, kile cha kuthibitisha kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, na kwamba hakimlazimishi mtu kulikana jina lolote. Ni kweli, na ni bora mara mia kuliko ile hati ya kulikana. Tatizo ni kwamba ofisi moja inakipokea, ya pili inakikataa, ya tatu inataka kipya kwa sababu hiki kina miezi sita. Na hata kinapopokelewa kinabaki mkononi mwa mwenyewe. Kimeandikwa kwa gharama yake, kinatunzwa kwenye tranka lake, na faili lililozaa kosa halijaguswa. Akikipoteza kwenye mafuriko ya Msimbazi, ameanza upya. Huko si kusahihisha kumbukumbu. Ni kumpa mtu cheti cha kuzunguka nacho akieleza kosa la mwingine.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa sana: alikuwa wapi miaka yote hiyo? Alikuwa jeshini. Koplo harudi kwa mkuu wa kombania kumwambia karatasi yake ina kosa la tahajia wakati watu wanapakia magari. Baada ya hapo alikuwa uraiani, na faili lake lilikuwa mahali ambapo raia hafiki. Mtu huoni faili lako la jeshi kama unavyoona daftari la mtoto; unachoona ni karatasi moja uliyopewa siku ya kuondoka, na siku hiyo mtu anatafuta tarehe na muhuri, hatafuti "th". Kuchelewa ni kosa la mtu aliyejua akanyamaza. Na tuseme alijua. Kwa miaka 40 hakuna aliyemwambia kwamba ina madhara. Taasisi iliyoandika kosa, ikalitunza, ikalifungia kabatini, haiwezi kuja kumuuliza aliyekosewa kwa nini hakuwahi.

Basi linabaki swali la haki kabisa: tutamtambuaje? Kuna kisa kimoja kinachohusu nchi hii hii. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa Kiafrika waliokuwa bado hai kati ya wale waliopigana chini ya kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, katika Vita Kuu ya Kwanza. Malipo yalifanyika Mwanza. Wazee wachache tu walikuwa na vyeti vya 1918. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu. Inasimuliwa kwamba mlipaji akawa anampa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani aonyeshe kwata ya silaha, na hakuna aliyeshindwa. Huenda kisa kimetiwa chumvi njiani, visa vizuri ndivyo vilivyo, lakini nakipenda kwa sababu mwenye fedha ndiye aliyeumiza kichwa kutafuta njia ya kumtambua mwenye haki. Marekani nako, baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, askari weusi wengi walidai pensheni kwa majina ambayo hayamo kwenye orodha, maana waliandikishwa kwa majina ya mabwana waliowamiliki, na walipokuwa huru wakachukua ya baba zao. Ofisi ya pensheni ilituma wachunguzi vijijini kuchukua ushahidi wa wenzao wa kikosi na majirani. Wachunguzi hao walikuwa na ubaguzi wao, hilo linajulikana. Hata hivyo walipanda farasi wakaenda kwa mzee, na mafaili yao yaliruhusu mtu mmoja kuwa na majina mawili. Na mwaka 1973, moto ulipoteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18 kule St. Louis, Wamarekani walijifunza kuujenga upya utumishi wa mtu kwa orodha za mishahara na madaftari ya hospitali.

Sisi tuna kitu chepesi zaidi ya ufagio. Tuna namba ya jeshi. Askari anaweza kuandikwa Asumani, Athumani au Osmani. Ile namba inayoanza na MT ni yake peke yake, na muulize mstaafu yeyote usiku wa manane akutajie, atakutajia kabla hajafungua macho. Namba, tarehe ya kuandikishwa, kikosi, picha ya zamani, na wenzake wawili walio hai wanaomjua: vikikubaliana hivyo vyote, herufi mbili zina uzito gani? Tapeli atakwama kwenye namba muda mrefu kabla ya kufika kwenye jina.

Kuna kesi ngumu na sitaki kuikwepa. Wapo walioingia jeshini kwa jina la mtu mwingine kweli kweli, kwa cheti cha darasa la saba cha kaka au cha rafiki aliyefaulu. Kila mtu wa umri wangu anamjua mmoja. Huyu hakukosewa na karani. Yeye ndiye aliyempa karani jina lisilo lake. Asipitishwe mlango mmoja na jirani yangu. Akiri, na ukiri wake upimwe na watu wenye mamlaka ya kusamehe au kutosamehe. Naongeza tu kwamba miguu iliyotembea kutoka Mutukula kuelekea Kampala ilikuwa ya kwake, si ya mwenye cheti. Kinachonikera ni kwamba kwa sasa dirisha ni moja kwa wote, na fomu inawauliza wote wawili swali la yule wa pili.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe. Ina misamaha kwa mambo ya usalama wa taifa, na ni sawa iwe nayo. Lakini sioni adui gani atafaidika kwa kujua kwamba koplo wa 1979 jina lake lina "th". Hapo jeshi lenyewe, bila kusubiri kushtakiwa, linaweza kuweka dawati la kazi hii moja, na likaanza na waliozidi miaka 65.

Maana yasiporekebishwa mzee akiwa hai, mzigo haufi naye. Cheti cha kifo kitafuata kitambulisho, kitasema Athumani. Faili la jeshi litasema Asumani. Mjane, akishateuliwa msimamizi wa mirathi na Mahakama ya Mwanzo, atafika dirishani kudai stahili za mumewe, na ataambiwa athibitishe kwamba marehemu alikuwa ni marehemu. Mzee mwenyewe angalau ana uso wake na namba yake kichwani. Mjane ana nini? Ana cheti cha ndoa chenye tahajia ya tatu, ya shehe wa mtaa. Nimeona familia zikigombana msibani kwa ajili hii, ndugu wakidhani mama anaficha kitu, kumbe anahangaika na herufi.

Pale katikati ya mji, kwenye makutano ya Samora na Azikiwe, Sanamu ya Askari imesimama tangu 1927. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawakumbuka askari na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwa Kiingereza yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Pale chini hakuna jina hata moja. Kariakoo ndiyo iliyobaki na kumbukumbu ya wapagazi, nayo ni jina la idara yao, Carrier Corps, si la mtu. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilipokea ripoti ya kamati yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwahi kukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wale hawawezi tena kufika kwenye dirisha lolote. Wa Kagera bado wanaweza, wengine kwa fimbo.

Jirani yangu alipoanza kufuatilia alikuwa na watu watatu wa kikosi chake wa kumtolea ushahidi. Mmoja alizikwa kabla ya Ramadhani iliyopita. Wa pili yupo Songea na hasikii vizuri kwenye simu, kwa hiyo mazungumzo hupitia kwa mjukuu. Wa tatu anakaa Mbagala, na Jumamosi atakuja na picha waliyopigwa pamoja mwaka 1979, ambayo nyuma yake mtu ameandika kwa kalamu ya risasi majina ya wote wanne. Mzee ananiambia hakumbuki lake liliandikwaje.